Mama ametoka kupasuliwa, msimnyime samaki

Dada, pole kwa kuuguza. Umesema mama amepasuliwa nyonga, amerudi nyumbani Ngamiani, na majirani wamemkataza mayai na samaki eti kidonda kitatunga usaha, kwa hiyo anakunywa uji mtupu na chai kwa mkate. Hilo la majirani si kweli, na linanitia wasiwasi. Usaha huletwa na vijidudu. Kidonda hujengwa kwa protini, na mwili wa mgonjwa usipoipata chakulani huivunja misuli yake wenyewe. Mtu mzima akilala kitandani siku chache tu misuli hupungua, kisha kusimama kunakuwa kazi.

Mtu mzima mwenye afya huhitaji takribani gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Anayepona upasuaji, 1.2 hadi 1.5. Mama wa kilo 50 basi ni gramu 60 hadi 75. Yai moja lina kama 6, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, na kipande cha samaki cha gramu 100 kama 20. Tanga samaki hatukosi! Changu wa kuchemsha, mchambulie miba.

Hamu hana? Mpe kidogo kidogo mara tano au sita; uji upikwe kwa maziwa na karanga za kusaga. Wali na ugali visikosekane, la sivyo protini itachomwa kuwa nguvu.

Ila kama ana ugonjwa wa figo, muulizeni daktari kwanza kiasi chake. Na kidonda kikitoa usaha au akipata homa, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo.