Faili Halijapotea: Ushauri kwa Wanaotafuta Katika Maktaba ya Pamoja ya Ofisi

Msomaji mmoja aliye katika idara ya manunuzi ameniandikia wiki hii akilalamika kwamba maktaba ya pamoja ya ofisi yao, iliyowekwa kwenye SharePoint, yaani mfumo wa Microsoft wa kutunzia nyaraka za ofisi mtandaoni, haimsaidii. Akiandika neno katika kisanduku cha kutafutia, anapata mlolongo wa nyaraka zisizomhusu, na faili alilofanyia kazi jana halionekani kabisa. Ningeweza kumjibu kwa mistari miwili, lakini hili ni jambo ambalo kwalo nimedharauliwa na kwalo nimeheshimiwa, kwa hiyo nimeona nimjibu kwa kirefu.

Mimi nimetokea masijala. Nilianza kazi wakati kila barua ilisajiliwa kwenye daftari, ikapewa namba ya kumbukumbu, ikawekwa kwenye jalada lake kwa mpangilio wa folio, yaani namba ya kila waraka ndani ya jalada, kisha jalada likapelekwa kwa afisa anayehusika na jina lake likaandikwa. Shirika letu lilipohamia kwenye Microsoft 365, kifurushi chenye SharePoint ndani yake, tulikusanywa ukumbini tukaelezwa kwamba nyaraka zote sasa zitakaa mahali pamoja na kwamba kompyuta itazitafuta yenyewe. Mmoja wa wakuu akatania kwamba watu wa masijala sasa wajifunze kupika chai. Ukumbi mzima ulicheka, nami nikacheka, maana ungenuna mbele ya mkuu wako upate nini? Mafunzo yaliyofuata nayaruka. Yalihusu zaidi namna ya kubadilisha nywila.

Kisha wakaja wakaguzi wa nje. Waliomba nyongeza ya mkataba wa matengenezo ya jenereta, ile iliyosainiwa na pande zote mbili, na wakaiomba asubuhi wakitarajia kuiona kabla ya jioni. Vijana wa TEHAMA waliandika "mkataba wa jenereta" wakapata bajeti, mihtasari ya vikao, maombi ya mafuta, kila kitu isipokuwa kinachotakiwa. Waliporudia maneno yale yale kwa mara nyingine, niliomba nikae mimi kwenye kiti. Sikuanza na kisanduku. Nilijiuliza nani aliandika waraka ule, aliuandika kwa lugha gani, na ulipita mkononi mwa nani mara ya mwisho. Mzabuni yule alikuwa akituandikia kwa Kiingereza, na mafundi wake hawakuwahi kuiita mashine ile jenereta, waliita "genset". Niliandika genset, na rasimu ikatokea ikiwa ya kwanza.

Nakala yenye saini ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu karatasi iliyopitishwa kwenye skana bila kusomwa maandishi huwa ni picha tu ndani ya faili la PDF. Jicho lako linaona "mkataba", lakini mtambo hauna neno la kushika zaidi ya jina la faili, na jina lenyewe lilikuwa "Scan" na namba. Hapo kutafuta kwa maneno hakufai kitu. Nilifungua folda ya mapokezi, nikachuja PDF peke yake, nikaangalia safu ya mtu aliyehariri mwisho na safu ya tarehe, kwa kuwa nilijua nani alikuwa akiskani barua zinazoingia na nilikumbuka kwamba nyongeza ile ilirudi mwanzoni mwa mwaka wa fedha, yaani Julai. Ilikuwapo. Katika barua pepe ya pongezi iliyotumwa jioni ile, mkuu aliwashukuru "vijana wetu wa TEHAMA kwa umahiri wao". Nimeihifadhi barua ile, na ina jina zuri la faili.

Basi, ndugu yangu wa manunuzi, jambo la kwanza ni hilo: kabla ya kuandika neno, mfikirie mwandishi wa waraka. Ofisi zetu zina lugha mbili katika kabati moja. Aliyeandika muhtasari wa kikao huenda aliuita "minutes", na ankara ya mzabuni huenda imo kama "invoice". Jaribu neno la upande wa pili kabla hujasema waraka haupo.

La pili linawahusu hasa wanaoandika Kiswahili, na sijawahi kulisikia katika mafunzo yoyote. SharePoint inakubali kinyota (*) mwishoni mwa neno, ikuletee yote yanayoanza hivyo, lakini haikikubali mwanzoni. Mtumiaji wa Kiingereza anaandika "pay" na kinyota, anapata sehemu kubwa ya ukoo wa neno hilo. Wewe ukiandika "lip" na kinyota, utapata lipa, lipwa na lipia, lakini hutapata malipo, wala yamelipwa, wala hatujalipa, kwa sababu sisi tunabadilisha maneno kuanzia mbele. Kwa hiyo usitafute kwa kitenzi. Tafuta kwa nomino katika umbo ambalo mwandishi angelitumia, na kama huna hakika ya umoja au wingi, andika yote mawili ukiweka OR katikati kwa herufi kubwa: mkataba OR mikataba. Herufi kubwa ni lazima. "Or" ya herufi ndogo huchukuliwa kuwa neno jingine tu la kutafuta.

Yako mengine madogo ambayo nayataja kwa haraka. Alama za kunukuu hushikilia maneno yakae pamoja kwa mpangilio wake. Ukiandika NOT rasimu baada ya neno lako, unaondoa nyaraka zenye neno rasimu. Ukiandika filetype:pdf, bila kuacha nafasi baada ya nukta mbili, unabaki na PDF tu. Maneno mengi hupunguza matokeo, hayaongezi, kwa hiyo anza na neno moja la nadra kuliko sentensi nzima ya maneno ya kawaida. Neno "taarifa" katika ofisi ya Tanzania halitafutiki.

Angalia pia umesimama wapi unapotafuta. Kisanduku kilichomo ndani ya maktaba huanza na maktaba hiyo, na ukitaka tovuti nzima au shirika zima lazima upanue mwenyewe. Na matokeo unayoyaona ni ya nyaraka ulizopewa ruhusa tu. Zile usizoruhusiwa hazioneshwi hata kwa jina, kwa hiyo mwenzako anaweza kuliona faili mezani kwake huku wewe ukiapa kwamba halipo. Muulize kabla ya kugombana. Faili lililofutwa nalo halitokei katika utafutaji, ila hukaa kwenye pipa la taka la tovuti kwa siku 93, na huko unaweza kulirudisha.

Hata hivyo nitasema wazi: wengi wanaolalamika kwamba maktaba haitafuti ndio hao hao wanaoweka faili liitwalo "Document1" au "mpya ya mwisho kabisa 2". Mtu anayeiita kazi ya ofisi kwa jina kama hilo anawanyima wenzake haki, na hakuna mtambo utakaomtubia. Andika tarehe kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili mafaili yajipange yenyewe. Andika aina ya waraka, andika jina la mzabuni kama lilivyo kwenye mkataba. Namba ya kumbukumbu yenye mkwaju (/) haiwezi kuingia kwenye jina la faili, kwa kuwa mkwaju hauruhusiwi, basi kubalianeni ofisi nzima kwamba utageuzwa kistari, na asitokee mmoja akaweka nafasi na mwingine nukta. Masijala tulikuwa na nidhamu hiyo bila umeme.

Sasa faili lako la jana. Inawezekana ni jipya na halijaingia kwenye faharasa ya utafutaji, jambo ambalo kwa kawaida huchukua dakika kadhaa na mara nyingine zaidi, lakini tangu jana ni muda mrefu. Nadhani ulilihifadhi kwenye OneDrive yako binafsi, yaani kabati lako mwenyewe la mtandaoni, kwa sababu Word hupenda kukupendekezea mahali hapo, na wenzako hawatalipata humo hata watafute vipi. Fungua Word, angalia orodha ya nyaraka za karibuni, usome njia iliyoandikwa chini ya jina, kisha ulihamishie kwenye maktaba ya idara. Ukimaliza, kamuulize yule mwenzako anayeacha kazi mwisho wa mwezi mafaili yake yako wapi. Akaunti yake ikifutwa, OneDrive yake kwa mpangilio wa kawaida huhifadhiwa siku 30 tu, isipokuwa msimamizi wenu wa mfumo awe ameongeza muda huo.