Jibu: Mbona grafu ya Nakata imelala?

Salaam mkuu. Unasema Google Trends, chombo cha Google kinachoonyesha jinsi jambo linavyotafutwa mtandaoni, inamwonyesha Hidetoshi Nakata, mwanasoka mstaafu wa Japani, karibu na sifuri, ilhali video zake bado zinasambaa. Angalia kwanza kipindi. Ile 100 ya juu kwenye grafu ni kilele cha kipindi ulichochagua, si idadi ya watu. Ukianzia 2004, mwezi mmoja wa kishindo unaibana miaka yote. Alistaafu 2006, kwa hiyo anzia 2007. Kisha chagua mada ya mchezaji, si neno la kutafutia: Wajapani humtafuta kama 中田英寿, na “Nakata” tupu humchanganya na Koji Nakata, mwanasoka mwingine wa Japani. Ukitaka idadi halisi, tumia takwimu za kutazamwa kwa kurasa za Wikipedia, zinaanzia Julai 2015. Usiache ukurasa wake wa Kiitaliano; bao lile aliloifungia Roma dhidi ya Juventus, Mei 2001, ni tamu mno kwa mashabiki wa klabu hiyo.