Ubao wa kasia mtoni Pangani kwa anayeanza: chagua mwezi kwanza, kasia baadaye

Mkuu mleta uzi, nimekuelewa hivi: uko Dodoma, umenunua ubao wa kujaza upepo, ule wa kusimama na kupiga kasia, hujawahi kuupanda, na mwezi ujao mnashuka Pangani. Umeona bora uanzie mtoni kwa sababu mto hauna mawimbi kama bahari. Hilo la mwisho ndilo lenye hatari, kwa hiyo naanzia hapo.

Mto tuliouzoea huku kwetu Dodoma unaelekea upande mmoja. Korongo likishuka limeshuka, kiangazi linabaki mchanga. Mto Pangani pale mjini hauko hivyo. Bahari ikijaa, maji yanaingia mtoni na kupanda juu. Bahari ikipwa, maji hayo yote yanarudi pamoja na yale yanayotoka huko milimani. Mkondo unageuka mara nne ndani ya siku moja na kitu. Sasa changanya na kivuko cha Pangani na Bweni, boti za wavuvi zinazowahi soko, mashua zilizotia nanga na kamba zake. Uso wa maji unaweza kuwa shwari kama chai kwenye sahani, chini yake mkondo unakwenda mbio kuliko unavyoweza kupiga kasia. Anayeanza hupata kama kilomita 4 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea. Mkondo ukifika au kuzidi hapo, utapiga kasia na mnazi ulio ukingoni utabaki palepale, au utakuacha.

Ndiyo maana tarehe ni muhimu kuliko ubao. Wenyeji wa pwani wanahesabu kwa mwezi: mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, yaani kama tarehe 7 hadi 9 na 21 hadi 23 za mwezi wa kuandama, ni maji mafu. Kwenye bamvua, pwani ya kwetu inaweza kuwa na tofauti ya mita tatu na nusu au zaidi kati ya kupwa na kujaa. Kwenye maji mafu ni mita moja na kitu.

Maji hayapandi wala kushuka kwa mwendo mmoja. Gawa tofauti hiyo mafungu 12: saa la kwanza linashuka fungu 1, la pili 2, la tatu 3, la nne 3, la tano 2, la sita 1. Kwa bamvua ya mita 3.6, saa la kwanza ni sentimita 30 tu, lakini la tatu na la nne ni sentimita 90 kila moja. Kwa maji mafu ya mita 1.2, hata saa hilo kali halizidi sentimita 30. Saa kali la maji mafu ni sawa na saa pole la bamvua! Ndani ya mto hesabu hii haikai sawasawa, hasa baada ya masika, maana maji ya mvua yanaongeza nguvu ya kutoka na kupunguza ya kuingia. Lakini inatosha kukuonyesha siku ya kubaki nchi kavu.

Na kuna bahati ya kijiografia: pwani yetu bamvua hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, kisha kila siku maji yanachelewa kama dakika 50. Baada ya wiki moja, siku za maji mafu, kujaa kunaangukia saa nne au tano asubuhi, kabla upepo wa mchana haujaamka. Hapo ndipo pa mwanafunzi. Ingia saa moja na nusu kabla ya maji kujaa, maji yakiwa bado yanaingia, panda nayo juu ya mto taratibu, pumzika yakisimama, rudi yakianza kutoka. Uwe umeshatoka majini kabla saa la kwanza la kutoka halijaisha. Ukizidiwa wakati maji yanaingia, yatakupeleka bara kwenye mikoko. Ukizidiwa yakitoka, yatakupeleka mlangoni baharini, na kipindi cha kusi, upepo wa kusini, pale mlangoni upepo unapigana na mkondo na kuinua mawimbi mafupi yaliyosimama wima.

Usiamini jedwali la saa za kujaa na kupwa peke yake. Maji ya mtoni hugeuka nyuma kidogo ya saa iliyoandikwa. Tazama mashua zilizotia nanga: omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, inaelekea kule mkondo unakotoka. Zikianza kulala kila moja upande wake, maji yamesimama.

Sasa kamba. Ubao wako umekuja na kamba ya kufunga kifundo cha mguu. Hiyo ni ya bahari ya wazi na maji yaliyotulia. Kwenye mto wenye mkondo, usiifunge mguuni, nasisitiza. Fikiria umeanguka karibu na boya au kamba ya nanga. Ubao unapita kushoto kwake, wewe unapita kulia. Kamba inajikunja katikati, mkondo unavuta ubao na unakuvuta wewe, mguu unanyooshwa nyuma na kichwa kinazama. Kufika kwenye kifundo, itabidi ujikunje kuelekea kule mkondo unakotoka, jambo ambalo hata mtu mwenye tumbo la chuma halimudu. Dawa yake ni mkanda wa kiuno wenye kifungo cha kufyatua: kamba inaungwa kwenye pete ya mkanda, mbele kuna kijitufe au kijiboli unachovuta kwa mkono mmoja na mkanda wote unaachia. Uvae juu ya jaketi la kuokoa maisha, kifungo kikae mbele, na ujaribu kukifyatua kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto, macho yakiwa yamefumbwa. Ukikosa mkanda huo, ahirisha mto. Bila kamba kabisa pia ni kosa, maana upepo unachukua ubao usio na mtu kwa kasi kuliko unavyoogelea.

Jaketi livaliwe, lisifungwe juu ya ubao. Filimbi iwe begani.

Kuhusu vyombo vingine: wewe ndiye mdogo, na sheria za kimataifa za kuzuia migongano baharini zinataka chombo kidogo kisizuie kile kisichoweza kutoka kwenye njia ya maji yenye kina. Kaa kulia kwako, nje ya njia ya boti. Kivuko usikipite mbele kamwe. Hata kikiwa kimegota kwenye gati kinashusha magari, mara nyingi injini inaendelea kusukuma ili kisirudi nyuma, na maji yaliyo nyuma yake yanachemka. Chagua mahali pa kuingilia na kutokea angalau mita 300 upande wa juu wa mto kutoka kwenye kivuko, kwa sababu maji yakianza kutoka yanakurudisha kwenye mlango wake. Ukisikia honi tano fupi, nahodha anasema haelewi unachofanya: piga magoti, elekea ukingoni, aone umeamua. Wimbi la boti likija, geuza omo ulipokee kwa mshazari, shuka magotini. Kusimama si lazima. Mto mzima unaweza kuupiga ukiwa umepiga magoti.

Siku ya kwanza usivuke ng'ambo. Siku ya kuvuka ikifika, omo ielekee mkondo unakotoka, kisha igeuze kidogo tu, kama mshale wa saa ukitoka kumi na mbili kwenda moja. Ukiigeuza sana, mkondo unaupiga ubavu na ubao unakutoka miguuni.

Mazoezi yafanye Dodoma, ila si bwawa la Mtera: kuna mamba na viboko. Na mabwawa mengine yenye maji yaliyotulia na majani ukingoni yana hatari ya kichocho. Omba saa moja kwenye bwawa la kuogelea la hoteli asubuhi wakati hakuna watu, hakikisha pezi la chini haligusi sakafu. Lengo lako si kusimama, ni kuanguka na kurudi. Anguka ubapa kama unajitupa kitandani, mbali na ubao, usitangulize kichwa. Rudi kwa kushika mpini wa katikati, piga miguu hadi mwili uelee, jivute kifua kipite ubao. Fanya mara kumi mfululizo ukiwa na jaketi. Ukishindwa ya saba kwa uchovu, mto bado. Kasia liwe urefu wako na kama sentimita 20 zaidi, na mpindo wa bapa uelekee mbele. Wengi hulishika kama upawa wa kuchotea mchuzi, likawa linazama badala ya kusukuma.

Jambo moja linalowahusu watu wa Dodoma hasa: tuko kama mita 1,100 juu ya bahari. Ukijaza ubao PSI 15 (kipimo cha shinikizo la upepo) hapa na kuufunga juu ya gari ukiwa umejaa, Pangani geji itasoma kama 13, kwa sababu hewa ya huko nje ni nzito zaidi. Ubao unakuwa na tumbo katikati na kuyumba. Jaza ukifika, kivulini, na usiuache juani, maana joto linapandisha shinikizo na kuchosha gundi. Kabla ya kujaza, kipini cha ndani ya valvu kiwe kimesimama juu. Kikiwa chini, ukichomoa mpira wa pampu upepo wote unatoka kwa mlio mmoja. Kompresa ya fundi pancha achana nayo, inajaza haraka kuliko mishono inavyohimili.

Vaa viatu vya mpira. Tope la mikoko linameza hadi gotini na chaza wanakata kama wembe. Usipande mbali juu ya mto, mamba wapo. Waulize wavuvi au BMU ya pale, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo, siku hiyohiyo. Utabiri wa upepo wa bahari angalia kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ukichukuliwa na maji, lala kifudifudi juu ya ubao, piga mikono kuelekea ukingo ulio karibu na si kuelekea ulikotoka, puliza filimbi, usiuache ubao isipokuwa umenaswa.

Weka hapa tarehe mnazokwenda, uzito wako na urefu wako, tukupangie saa ya kuingia.