Chuma Kifuate Saa ya Insulini: Jibu kwa Mdogo Wangu wa Ruashi

Muda mfupi baada ya mimi kuinua kilo 100 kutoka sakafuni katika mashindano madogo ya ukumbi wetu hapa Kamalondo, mjini Lubumbashi, nilipokea ujumbe wa kijana mmoja wa Ruashi, mtaa mwingine wa mji huu. Aliandika: "Yaya, mimi pia ninajidunga insulini. Mwalimu wa mazoezi amenikataza bukari (ugali wetu) kabisa, ameniagiza ninunue unga wa protini wa kopo, na amesema niache insulini siku za mazoezi, kwa kuwa mazoezi yenyewe yanashusha sukari. Nifanyeje?" Nilimjibu siku ile ile kwamba insulini, dawa yetu sisi wenye kisukari, haiachwi. Hapa ninamjibu kwa kirefu, kwa sababu ninajua kwamba wengi wenu mnataka anachokitaka yeye: mwili wenye nguvu, mabega yanayoonekana, na uhuru wa kuingia penye vyuma bila kutazamwa kama mgonjwa.

Kisukari kilinikuta nikiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Nilikonda hadi nguo zikanipwaya, na watu wa nyumbani walikuwa wameanza kunong'onezana habari za uchawi kabla muuguzi mmoja hajanipima sukari. Nilipopata nafuu nikajiandikisha katika ukumbi wa mazoezi, si huu wa sasa. Mwenye ukumbi aliona bomba la sindano katika mfuko wangu, akanirudishia fedha mbele ya watu wote na kusema kwamba hataki mtu afie mikononi mwake. Maneno hayo bado yananiuma, na sioni sababu ya kuficha. Nilianza upya uani kwetu, kwa bomba la chuma lenye makopo yaliyojazwa sementi pande zote mbili, na ndiyo maana kilo hizo 100 nimezifurahia kuliko shahada yangu.

Nianze na hilo la kuacha insulini. Kwa mtu ambaye kongosho lake halitengenezi tena insulini, sukari hubaki katika damu ilhali mwili una njaa, na mwili huo huanza kuyeyusha mafuta kwa kasi hadi damu inajaa asidi. Hali hiyo huweza kuua kwa siku chache. Kabla ya Januari 1922, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alipodungwa insulini kule Toronto, watoto wenye ugonjwa huu walinyimwa chakula ili waishi muda kidogo zaidi. Tena, anayetaka misuli ajue kwamba insulini ndiyo inayouzuia mwili usiibomoe. Asiye na insulini ya kutosha hula nyama ya mwili wake mwenyewe, hata akimaliza makopo yote ya protini yaliyoko mjini. Dozi inaweza kupunguzwa siku za mazoezi, kwa kuelewana na daktari, lakini kupunguza si kuacha.

Jambo ambalo nimelijifunza kuliko yote, na ambalo mashauri mengi ya Ulaya na Marekani hayalisisitizi, ni kwamba lazima ujue saa ambayo insulini yako inafikia makali yake, kisha uipange saa ya chuma kwa kuifuata. Mashauri hayo huandikiwa watu wenye insulini za haraka sana na vifaa vinavyosoma sukari mchana kutwa. Mimi, kama wengi wetu, ninatumia insulini ya mchanganyiko, mara mbili kwa siku. Sehemu yake ya haraka huanza kazi baada ya nusu saa hivi na kufikia makali kati ya saa mbili na saa nne baada ya sindano. Sehemu yake ya polepole, ile yenye maziwamaziwa, huwa na nguvu zaidi takriban kati ya saa nne na saa kumi baada ya sindano. Nikijidunga saa kumi na mbili asubuhi, adhuhuri yote si wakati wangu wa vyuma. Ninaingia ukumbini saa kumi na moja jioni, makali yakiwa yamepungua, kabla ya dozi ya pili na chakula cha usiku.

Ninapima sukari ya damu kabla sijagusa chuma. Ninapenda kuanza nikiwa kati ya 126 na 180 mg/dL. Chini ya 90, ninakula kwanza kitu chenye gramu 10 hadi 20 za wanga na kusubiri. Juu ya 270, ninapima asetoni katika mkojo, dalili ya ile asidi niliyoitaja, na ikionekana ninarudi nyumbani. Usishangae ukipima baada ya kuinua mizigo mizito na kukuta sukari imepanda: mwili umemwaga adrenalini, na ini limetoa sukari yake ya akiba. Wengi hukimbilia kujidunga dozi nzima ya kurekebisha, na hapo ndipo hatari inapoanza, kwa sababu misuli iliyofanya kazi huendelea kuvuta sukari kwa saa nyingi, hata hadi kesho yake, na mporomoko huja usiku mtu akiwa amelala. Pima kabla ya kulala. Ukiwa chini ya 70, chukua vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, subiri dakika 15, pima tena. Na siku ya mazoezi ya miguu usijidunge pajani, jidunge tumboni.

Kuhusu bukari, nasema waziwazi kwamba mwalimu yule amekosea. Mwenye dozi isiyobadilika anahitaji chakula kisichobadilikabadilika, na ukiondoa bukari huku dozi ikibaki ile ile, utaanguka. Pima unga ungali mkavu, kwa kuwa gramu 100 za unga wa mahindi zina wanga wa gramu 75 hivi, na unga wa mihogo una wanga zaidi na protini kidogo sana. Mimi nimechagua kipimo kimoja cha unga na sikipiti, hata kwenye sherehe.

Protini tunayo sokoni. Anayejenga misuli hutosheka na takriban gramu 1.6 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, na mwenye figo zilizoguswa asianze kabla ya kumwona daktari. Gramu 100 za maharage makavu zina protini ya gramu 21 hivi, karanga 25, yai moja 6. Ndakala (samaki wadogo) zilizokaushwa na mafinkubala (viwavi vya kuliwa) makavu zina zaidi ya gramu 50 katika kila 100, nami huyachanganya mafinkubala na karanga au kuyala na sombe (majani ya mihogo). Ninaona uchungu ninapoona kijana akiuza simu yake ili anunue kopo, ilhali bibi yake anauza protini nzuri kwenye kibaraza.

Ndugu zangu, acheni kuuficha ugonjwa huu ukumbini. Ninajua kinachowafanya mfiche, maana mimi nilifukuzwa. Hata hivyo, mwenzako anayeshika chuma pamoja nawe lazima ajue kwamba ukianza kutetemeka, kutoka jasho baridi au kusema maneno yasiyoeleweka, akupe sukari, na kwamba ukizimia asikutie kitu chochote mdomoni bali akukimbize hospitali. Mahali wasipotaka kulijua jambo hilo, ondoka wewe kabla hawajakuondoa.

Mdogo wangu, umeniambia kwamba utamwona daktari hivi karibuni. Mpelekee daftari lenye vipimo vya kabla na baada ya mazoezi, na umuulize dozi ya jioni ipunguzwe kiasi gani siku za vyuma. Mwombe pia akuangalie macho, kwa sababu mishipa ya jicho iliyokwisha kuharibiwa na sukari huweza kuvuja damu mtu anapojikaza chini ya mzigo mzito. Hadi utakapopata jibu hilo, inua mizigo myepesi, pumua bila kubana pumzi, na ule bukari yako.