Kiapo hakipigwi: maneno yanayoandamana katika Kiswahili cha ofisini

Swali:

Mwalimu, salaam. Mimi ni katibu wa chama cha wafanyabiashara hapa Busia, upande wa Uganda. Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka wameomba kumbukumbu za mikutano yetu ya pamoja ziandikwe kwa Kiswahili, na kazi hiyo nimeangukiwa nayo mimi. Kiingereza cha ofisini hakinisumbui. Najua malalamiko yanataka "lodge", mkutano unataka "convene", azimio linataka "pass". Kiswahili ndicho kinachonitoa jasho: nikitafsiri neno kwa neno, Wakenya wanasoma huku wakitabasamu. Je, kuna kanuni ya kujua kitenzi kipi kinakwenda na jina lipi? Na hati yenyewe niiite kumbukumbu au muhtasari? Nimeambatisha kipande.

Jibu:

Dada, kipande chako ni hiki, nakinakili ili wasomaji wengine wakione:

"Mwenyekiti alifungua mkutano na maombi saa nne. Katibu mpya alipiga kiapo. Mgeni rasmi alitupa hotuba. Wanachama walileta juu suala la mizigo kuchelewa mpakani na wakatengeneza uamuzi kwamba kamati ichukue mkutano na maofisa wa forodha. Mkutano ulikuja mwisho saa nane kwa sababu ya mvua nzito."

Ngeli zimekaa sawa, nyakati zimekaa sawa. Mtahini wa sarufi angekupa alama nzuri. Lakini karibu kila sentensi ina maneno mawili ambayo hayajazoea kukaa pamoja, na hicho ndicho wanachokitabasamia wenzako.

Niseme jambo moja kwanza ili usijilaumu. Sisi Waganda wengi Kiswahili tulikipata kwa askari, kwa madereva na sokoni. Katiba ya 1995 ilikiweka Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kikaongezwa kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya mwaka 2005. Tangu hapo hadi Baraza la Mawaziri lilipolivalia njuga suala hilo tena Julai 2022, ofisi zetu ziliendelea kuandika Kiingereza. Kwa hiyo tuna Kiswahili cha kununua, cha kubishana bei na cha kuamrishana, ila Kiswahili cha kuandika barua ya kujiuzulu tunakiokota njiani. Pengo hilo tunalijaza kwa Kiingereza au kwa lugha zetu za nyumbani.

Tuanze na uamuzi. Ulioutengeneza umetoka kwenye "make" ya Kiingereza, na kutengeneza kwa Kiswahili ni kazi ya mikono: gari hutengenezwa, barabara hutengenezwa, nywele hutengenezwa. Uamuzi una vitenzi vyake, tena vinatofautiana kidogo. Mtu mmoja hufanya uamuzi. Kikao, baada ya kuvutana, hufikia uamuzi. Mahakama hutoa uamuzi, na refa vilevile. Ukiandika "mahakama ilifikia uamuzi" hujakosea, ila msomaji atawaona majaji chemba wakijadiliana. Ukiandika "ilitoa uamuzi" atawaona wameketi mbele ya watu wakisoma.

Kwenye "walileta juu suala" naiona "raise" imekaa nyuma ya pazia. Hicho ni kitenzi kimoja cha Kiingereza chenye wake wengi, na Kiswahili kinampa kila mke nyumba yake. Suala au hoja huibuliwa. Mkono huinuliwa au hunyooshwa. Bei hupandishwa. Mtoto hulelewa. Fedha za harambee huchangishwa. Ukichukua kitenzi kimoja ukakizungusha kote, utaandika "tulipandisha fedha za mazishi", na mtu atauliza mlizipandisha kwenye basi gani. Angalia pia kuzua na kuzusha: wengi huvitumia kama kuibua, lakini hivyo vina harufu ya shari. Mtu huzua tafrani, huzusha ugomvi, huzusha uvumi. Ukiandika kwamba wanachama "walizusha suala la mizigo", umewageuza wachokozi.

Na ile "lodge" ya malalamiko usijaribu hata kuitafsiri. Kwetu loji ni mahali pa kulala wasafiri, na malalamiko hayakodi chumba. Malalamiko hutolewa; yakiwa yameandikwa na kupelekwa rasmi, huwasilishwa.

Sasa kiapo. Hapa Kiingereza hakina hatia, kwa sababu Mwingereza hapigi kiapo. Anayekipiga ni Mganda. Kwa Luganda tunasema "okukuba ebirayiro", na kukuba ndiko kupiga. Kinachotuponza ni kwamba Luganda na Kiswahili hupiga vitu vingi pamoja: okukuba essimu ni kupiga simu, okukuba ekifaananyi ni kupiga picha, okukuba akalulu ni kupiga kura. Hata muhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ule ambao bila huo barua yako haikupatii chochote, kwa Luganda unapigwa na kwa Kiswahili hupigwa au hugongwa. Baada ya mara zote hizo kukubaliana, mtu anaingia kwenye kiapo kwa kujiamini kabisa na hapo ndipo njia zinapoachana. Kwa Kiswahili kiapo huliwa. Rais anapoapishwa pale Kololo tarehe 12 Mei, redio ya Kiswahili itasema amekula kiapo. Wengine, hasa wazee wa pwani, watasema amekula yamini.

Tena kula kwenyewe hakutushindi, kwa sababu sisi nasi tunakula mambo. Okulya enguzi ni kula rushwa, neno kwa neno. Okulya olukwe kunakaribiana sana na kula njama, na kwa Luganda ndiko kunakobeba hata kosa la uhaini. Kwa hiyo usiiogope lugha ya nyumbani. Mara nyingi inakufikisha karibu na Kiswahili kuliko Kiingereza. Ihakiki tu kabla ya kuandika.

Hapo hapo nitoe onyo juu ya kupiga. Wapo walimu wanaowaambia wanafunzi kwamba kupiga ni kitenzi cha mtaani na kiepukwe katika maandishi rasmi. Sikubaliani nao hata kidogo. Serikali hupiga marufuku, benki hupiga mnada mali iliyowekwa rehani, nchi hupiga hatua, wananchi hupiga kura. Maneno hayo yamo kwenye hotuba za marais, na ukiyaondoa hupati mengine yaliyo bora.

Sentensi ya mgeni rasmi imenichekesha, samahani. Ulitaka kusema alitupatia hotuba, lakini "alitupa hotuba" inasomeka pia kwamba aliitupilia mbali, labda kwenye pipa la taka nje ya ukumbi. Ukiacha utani huo, kupa kwa Kiswahili kunamtafuta mtu: nimempa Okello, nimewapa watoto. Jambo linalotamkwa hadharani lina kutoa, na hiki ni kitenzi chenye mkono mkunjufu kuliko vyote vya ofisini. Hutolewa hotuba, tangazo, taarifa, agizo, onyo, ushahidi, rambirambi, shukrani, heshima za mwisho, hukumu. Usiku umekuwa mrefu na hujui jina hili linataka kitenzi gani? Jaribu kutoa, huenda ukabahatisha. Lakini usijaribu kwenye rufaa, maana rufaa hukatwa, wala kwenye kesi, maana kesi hufunguliwa.

Kupitisha umekujua vizuri bila kujua kwamba umekujua. Azimio hupitishwa, bajeti hupitishwa, mswada hupitishwa, kwa sababu vyote hivyo vinapita mikononi mwa kikao. Hukumu je? Mwingereza huipitisha hiyo pia, nami nimeona "hakimu alipitisha hukumu" katika magazeti. Siipendi. Hakimu hutoa hukumu.

Kuna jambo ambalo vitabu vya wanafunzi hulitaja kwa haraka, na kwa mwandishi wa kumbukumbu ni kubwa kuliko yote niliyoyasema. Mara nyingi jozi yenyewe haihitajiki. Kiingereza cha ofisini hupenda kugeuza tendo kuwa jina kisha kulitafutia kitenzi cha kulibeba: watu hawaamui, wanafanya uamuzi, hawakutani, wanafanya mkutano. Kiswahili kina vitenzi vinavyojitosheleza: waliazimia, walikubaliana, alitangaza, alihutubia, alijiuzulu. Wewe umeandika "kamati ichukue mkutano na maofisa". Andika "kamati ikutane na maofisa", yaishe. Jina lirudi pale tu unapotaka kulipamba au kulihesabu: "walifikia uamuzi mgumu", "alitoa matangazo mawili". Kwenye "aliamua" huna pa kuubandika huo ugumu.

Vitenzi vizito vyenye asili ya Kiarabu, kama kuwasilisha, kuidhinisha, kuahirisha na kuhitimisha, navyo vina heshima zake. Vinataka jina la hadhi yao. Ripoti huwasilishwa, bajeti huidhinishwa. Lakini mtu akiandika kwamba lori "liliwasilisha matoke sokoni", amelivisha lori suti. Matoke hupelekwa, hushushwa, huuzwa. Niliwahi kusoma taarifa kuhusu ukame Karamoja iliyosema ng'ombe wengi "walifariki". Mtu hufariki dunia. Ng'ombe hufa, au kama wenyewe wamewahi, huchinjwa. Anayeandika hivyo anadhani neno rasmi ni rasmi popote, kumbe urasmi wake unategemea limekaa na nani.

Kikao chako kilikuja mwisho. Hapa siwezi kukuchagulia neno kabla hujaniambia kilichotokea. Kama ajenda zote ziliisha, kikao kilifungwa. Kama mvua iliwakatiza na mtakutana tena kumalizia, kiliahirishwa. Mkaguzi au mwanasheria akizisoma kumbukumbu zako mwaka kesho, tofauti hiyo itakuwa na maana kwake. Kuhusu mvua yenyewe, uzito tumeuazima kwa Mwingereza. Kiswahili kina mzigo mzito, usingizi mzito, uji mzito. Mvua ni kubwa au kali. Ukali nao una jamaa zake: jua kali, onyo kali, adhabu kali, dawa kali. Faini ni kubwa, masharti ni magumu, foleni ni ndefu.

Na yale maombi: umefungua mkutano "na" maombi kwa sababu ya "with". Kwa Kiswahili mkutano hufunguliwa kwa sala, au kwa dua kama aliyesimama ni shehe.

Nikikiandika upya kipande chako, nikichukulia kwamba mvua iliwakatiza, kinatoka hivi:

"Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala saa nne asubuhi. Katibu mpya alikula kiapo. Mgeni rasmi alitoa hotuba. Wanachama waliibua suala la mizigo kuchelewa mpakani, wakaazimia kwamba kamati ikutane na maofisa wa forodha. Kikao kiliahirishwa saa nane mchana kutokana na mvua kubwa."

Umeuliza kanuni. Kanuni ya kukariri haipo, lakini utaratibu upo: anza na jina, usianze na kitenzi. Unapowaza kwa Kiingereza, kitenzi kinakutangulia kichwani na unakitafsiri kabla jina halijafika. Geuza. Andika "rufaa" kwanza, kisha jiulize Waswahili huifanya nini. Kama hujui, tafuta jina hilo kwenye maandishi ya watu wanaofanya kazi zao kwa Kiswahili kila siku, uone kitenzi kilichosimama kabla yake. Bunge la Tanzania huendesha mijadala yake kwa Kiswahili na taarifa zake rasmi zimo kwenye intaneti, kurasa kwa maelfu. Huko utakuta hoja zikitolewa, zikiungwa mkono na kuafikiwa, miswada ikisomwa na kupitishwa. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, inayotangaza tangu 1957, itakufaa kwa mambo ya mahakama na uchaguzi. Kamusi nazo zinafaa, ila nyingi huziweka jozi hizi chini ya kitenzi. Fungua "piga" au "tia" usome ukurasa mzima, hutajuta.

Usiwe mkali kupita kiasi pia. Jozi nyingine zina mlango zaidi ya mmoja. Mkataba unatiwa saini, unawekwa saini au unasainiwa, na Mkenya atakwambia unatiwa sahihi. Wote wako sawa, na mtu akikusahihisha hapo mwache aseme.

Hilo la Wakenya linanileta kwenye swali lako la mwisho. Hati unayoiandika, Kenya huiita kumbukumbu za mkutano. Tanzania utasikia zaidi muhtasari wa kikao, ingawa kumbukumbu nalo wanalielewa bila shida. Wasomaji wako wako Busia ya pili, umbali wa kutembea kwa miguu, basi andika kumbukumbu. Siku mtakapowaalika watu wa Mutukula waje na wenzao wa Tanzania, jina libaki hilo hilo ili faili zisichanganyike.