Mwanangu anafikisha yadi 55 mazoezini, mbona kwenye mechi anakosa?

SWALI: Kocha, salamu nyingi kutoka Columbus, Ohio. Tulihamia hapa miaka sita iliyopita tukitokea Tanga. Mwanangu wa pili ana miaka 17 na tangu utotoni amecheza winga. Mwaka jana kocha wa futiboli ya Kimarekani hapo shuleni kwao alimwona akipiga kona, akamwomba awe anawapigia mikwaju ya goli, ile ya kupitisha mpira katikati ya milingoti kwa pointi tatu. Mazoezini anafikisha yadi 55. Kwenye mechi, mikwaju yake miwili imezuiwa na mmoja wa yadi 38 umepita nje. Kocha wake anasema tatizo si nguvu. Basi ni nini? Halafu, kuna mtu anayekula kwa kazi hii, au nimwambie ashike vitabu? Na nimnunulie viatu gani?

JIBU: Dada yangu, salamu zimefika. Kocha wake amekwambia kweli. Kijana wa umri huo anayefikisha yadi 55, yaani mita 50 na ushee, nguvu anazo za kutosha na za kubakiza. Mimi ningeuliza kwanza: huo mpira anaupiga ukiwa juu ya nini, na nani ameushika?

Nauliza kwa sababu shule za sekondari za Marekani zinaruhusu mpira uwekwe juu ya kibao kidogo kisichozidi inchi 2. Mpira ukiinuliwa hivyo, mguu unaingia chini yake kwa urahisi. Vyuo vikuu vilipiga marufuku kibao hicho kwa mikwaju ya goli mwaka 1989, na kwenye NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huo, mpira unasimamishwa chini, juu ya nyasi. Nimewaona vijana wengi ambao yadi 55 zao zilishuka zikawa 45 siku ile tu walipoondolewa kibao.

Milingoti nayo inadanganya. Ya sekondari ina upana wa futi 23 na inchi 4, mita 7.11, karibu sawa na goli la soka alilozoea. Ya chuo na ya NFL ni futi 18 na inchi 6, yaani mita 5.64. Mtambaa panya uko futi 10 kutoka chini, kokote utakakocheza. Nimekupigia hesabu: mkwaju wa yadi 50 ukipigwa kutoka katikati, milingoti ya sekondari inamruhusu kijana kupotoka nyuzi 4.5 hivi kila upande. Ya NFL inamruhusu nyuzi 3.5 tu.

Usichanganyikiwe na namna wanavyohesabu umbali. Mchezo ukianzia kwenye mstari wa yadi 21 kutoka eneo la mwisho, mahali pa kufungia, mkwaju unaitwa wa yadi 38. Zile 17 za nyongeza ni yadi 10 za eneo la mwisho, kwa kuwa milingoti imesimama nyuma yake, pamoja na yadi 7 ambazo mpira unarudishwa nyuma kabla ya kupigwa.

Na hizo yadi 7 ndizo zilizomponza kwenye ile mikwaju miwili iliyozuiwa. Akiwa peke yake uwanjani, mpira umeegeshwa kwenye kishikio cha chuma. Anarudi hatua tatu, anasogea mbili pembeni, anavuta pumzi, anatazama goli mpaka aridhike. Kwenye mechi kuna mtu ameinama akipitisha mpira katikati ya miguu yake, mshikaji amepiga goti anaudaka, anausimamisha, anauzungusha ili kamba zake zitazame goli, na hapo mguu uwe tayari umefika. Kwenye NFL shughuli yote hiyo huisha ndani ya sekunde 1.3 hivi. Mpigaji anaanza kukimbia kabla mpira haujasimama. Anamwamini mshikaji kwamba utakuwepo.

Mbele yake kuna wapinzani wenye miili mikubwa, mikono juu, viganja vinafika mita 3. Wakiwa wamesimama palepale kwenye mstari mchezo unapoanzia, mpira unatakiwa kupanda kwa pembe ya nyuzi 25 ili uwavuke. Wakifanikiwa kuusukuma ukuta wenu nyuma yadi 2, pembe inafika nyuzi 33. Kijana mwenye hamu ya umbali huulaza mpira ili uende mbali. Uwanjani peke yake hakuna mkono wa kumkumbusha, kwa hiyo kila siku anajizoesha kosa na watu wanampigia makofi.

Huo wa yadi 38 uliopita nje sikuuona, lakini ningeweka dau kwamba ulianza vizuri kisha ukapinda. Winga amefundishwa miaka yote kuuzungushia mpira mguu ili ule upinde kwa beki. Kona nzuri ni ile iliyopinda, na ndiyo iliyomvutia kocha wake! Sasa ajifunze kinyume: agonge kwa ule mfupa wa juu ya mguu, upande wa ndani, nyonga zitazame goli, na baada ya kugonga mwili uendelee mbele kuelekea katikati ya milingoti. Akijikuta amezunguka na kuishia pembeni, ajue amepiga kona.

Asione haya kuwa mtu wa soka, lakini. Zamani Wamarekani walipiga kwa ncha ya kiatu, wakikimbia moja kwa moja. Mtu aliyewaonyesha ule mkimbio wa kukata pembeni kwenye ligi ya kulipwa ni Pete Gogolak, mzaliwa wa Hungaria, alipoanza na Buffalo mwaka 1964. Leo wote wanapiga hivyo.

Sasa tuje kwenye kula. NFL ina timu 32, na kwa kawaida kila moja ina mpigaji mmoja wa mikwaju ya goli. Beki akishuka kiwango anakaa benchi. Mpigaji hana benchi, akishuka anatemwa, na Jumanne yake klabu inawaita watu wanne watano wasio na timu, wanapiga mikwaju mbele ya makocha, na mmoja anapewa mkataba. Jumapili inayofuata anacheza. Ukitaka kuielewa kazi hii, waangalie wale wanne waliorudi nyumbani, kwa maana wanaendelea na mazoezi kila siku wakisubiri simu ambayo huenda isipigwe mwaka mzima.

Simu ikipigwa, fedha ipo. Msimu wa 2025 mshahara wa chini wa mchezaji mpya ulikuwa dola 840,000 kwa mwaka. Lakini unalipwa kwa wiki, na msimu una wiki 18: aliyeitwa kwa wiki moja akaachwa anapata kama dola 46,700 kabla ya kodi. Kule juu kabisa, Harrison Butker wa Kansas City alisaini mwaka 2024 mkataba wa miaka minne wa hadi dola milioni 25.6.

Wala usidhani anayechaguliwa mapema ndiye anayedumu. Mwaka 2016 Tampa Bay walimchukua Roberto Aguayo kwenye raundi ya pili ya drafti, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wapya, jambo la nadra kwa mpigaji. Alikosa mikwaju 9 kati ya 31, na kabla ya msimu wa pili kuanza alikuwa ameshatemwa. Adam Vinatieri hakuchaguliwa na timu yoyote. Alikwenda kuanza na timu ya Amsterdam kwenye ligi ya Ulaya ya mchezo huohuo, akaingia New England mwaka 1996, akacheza misimu 24 na kuondoka na pointi 2,673. Hakuna aliyefunga zaidi yake.

Kisa ambacho mwanao atakielewa zaidi ni cha Brandon Aubrey. Alikuwa beki wa soka chuoni Notre Dame, mwaka 2017 akachukuliwa na Toronto FC, na soka ya kulipwa ikamshinda. Akarudi kwenye shahada yake, akaajiriwa kuandika programu za kompyuta. Siku moja, wakitazama mechi kwenye televisheni, mkewe akamwambia hata wewe unaweza kupiga hivyo. Akatafuta kocha, akawa anajifua baada ya saa za kazi, kwa miaka. Akapata nafasi Birmingham kwenye ligi ndogo ya USFL, na mwaka 2023 Dallas wakamwita akiwa na miaka 28. Kwenye mechi yake ya kwanza, ule mkwaju wa pointi moja unaopigwa baada ya tachidauni, yaani timu inapofikisha mpira eneo la mwisho, wa kwanza kabisa kwake, aliukosa. Baada ya hapo alifunga mikwaju 35 mfululizo ya pointi tatu, rekodi ya mwanzo wa maisha ya mchezaji yeyote NFL.

Kwa hiyo kuhusu vitabu: mshika mawili moja humponyoka, tunajua, ila kwa mpigaji vitabu ndivyo vinavyomlipia kodi ya nyumba wakati wa kusubiri simu. Aubrey asingeweza kusubiri kama asingekuwa na mshahara mwingine. Lengo la sasa liwe chuo. Ufadhili kamili kwa mpigaji ni mgumu, makocha wengi humpokea kwanza kama mchezaji anayejilipia na kumpa fedha baadaye akishathibitisha, kwa hiyo alama zake za darasani zinaweza kumlipia kuliko mguu.

Kuna na jambo la moyo, ambalo hukuniuliza. Gary Anderson, mzaliwa wa Afrika Kusini, alicheza msimu wa 1998 na Minnesota bila kukosa mkwaju hata mmoja: 35 kwa 35 za pointi tatu, 59 kwa 59 za pointi moja. Kisha Januari 1999, mechi moja kabla ya Super Bowl, fainali ya NFL, akakosa wa yadi 38, na Minnesota wakafungwa katika muda wa nyongeza. Yadi zilezile za mwanao. Anderson aliendelea kucheza hadi msimu wa 2004.

Wiki hii aanze hivi. Aondoe kibao. Aanze kwa yadi 30, asiongeze mpaka afunge 9 kati ya 10 akiwa na mrushaji na mshikaji halisi, si kishikio cha chuma. Mdogo wake asimame nyuma amrekodi kwa simu, wapime muda kuanzia mpira unapoondoka hadi mguu unapogonga, na wawe chini ya sekunde 1.5 kabla ya kufikiria 1.3. Yadi 7 mbele yake achomeke miti miwili yenye kamba iliyofungwa kwa kimo cha mita 3, na kila mkwaju upite juu yake. Mikwaju 40 kwa siku inatosha, siku tatu kwa wiki. Nyama za paja za vijana huchanika kwa kupiga 150 kila jioni.

Na viatu usinunue. Vile vya soka alivyo navyo ndivyo wanavyovaa wapigaji wengi. Kama vya mguu wa kupigia vimeanza kulegea, atafute jozi inayombana kidogo, ambayo hasikii kidole kikicheza ndani.