Ufa chini ya tangi

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma gatini, mikono ina oili, nikaurudia usiku nikiwa na miwani. Unasema umekosana na rafiki yako, kila mmoja ameshikilia lake, na unaniuliza: mtu atajuaje kwamba anachokiamini ni kweli na si ubishi tu? Mimi si shehe wala profesa. Ni mtu wa boti hapa Jinja.

Wageni ninaowapeleka chanzo cha Nile huwasimulia habari za Speke, mvumbuzi Mwingereza aliyekuja kukitafuta chanzo hicho. Mwaka 1858, mwenzake wa safari, Burton, akiwa amebaki Kaze (Tabora ya leo), yeye alifika Mwanza, akaliona ziwa, akasema: Nile inatokea hapa. Hakulizunguka, wala hakuona mto ukitoka. Aliona maji. Alirudi, na tarehe 28 Julai 1862 akasimama hapa kwetu penye maporomoko, ambayo bwawa la 1954 limeyameza. Bombay, yule Myao aliyemtumikia safari zote mbili, aliwaza nini? Huwa najiuliza. Hata hivyo Speke aliacha vipande virefu vya mto bila kuvifuata, na Burton hakukubali. Septemba 1864 walipangiwa kujibizana mbele ya watu mjini Bath, Uingereza. Siku moja kabla, Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Mwaka 1875 ndipo mvumbuzi mwingine, Stanley, alipolizunguka ziwa, na ikaonekana Speke hakukosea. Wasoga, wenyeji wa hapa, wanaouita mto huu Kiyira, hakuna aliyewauliza.

Wageni hufurahi kusikia kwamba alikuwa sahihi. Kinachonisumbua mimi ni kingine: hata angekuwa amekosea, kifua chake kingewaka vilevile.

Nalijua hilo kwa sababu ya yule kijana wa Bugembe aliyenifanyia kazi ulipokuwa darasa la sita. Petroli ilikuwa ikipungua kila asubuhi, lita mbili, tatu. Sikumshuku, nilijua ni yeye. Akinyamaza, ana hatia. Akicheka, ananidhihaki. Akivaa viatu vipya, hizo ni pesa zangu. Nikamfukuza mbele ya wenzake. Wiki ya pili petroli bado inapungua. Nikapiga magoti, nikapitisha kidole chini ya tangi, nikagusa ufa mwembamba kama unywele, na ubao chini yake umelainika, unanuka. Kidole kimoja, mwanangu! Kazi ya dakika moja, na kwa miezi mitatu sikuifanya, maana niliyekuwa na uhakika sikuona haja ya kuinama.

Kwa hiyo usinieleze moyo wako unavyokuambia. Nieleze umeinama wapi. Tena nitajie kitu ambacho ukikiona utasema "nimekosea". Kama hakipo, nina wasiwasi nawe, hata kama rafiki yako ndiye mwenye makosa. (Na kwa tabia za ukoo wetu, sidhani kama ni yeye peke yake.)

Nilikwenda Bugembe kuomba radhi. Mama yake alinipa maji ya kunywa. Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, mzee," ila kazini hakurudi. Siku hizi ana boti yake. Tukipishana majini huniinulia mkono, nami hujiambia amenisamehe. Sijawahi kumwuliza.

Baba yako